Aliyengoja Wagoni ya Mwisho

Alikuwa na swali moja lililowaudhi watu wengi wa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, nami nikiwa miongoni mwao: "Uliona mukia?" Ukimwambia kwamba mkutano wa wazazi umekwisha salama, atauliza. Ukimletea habari kwamba jirani aliyelazwa amepona, atauliza. Asiyekuwa na jibu alitazamwa kwa huruma isiyopendeza, kama mwanafunzi aliyenakili hesabu ya mwenzake, kisha mzee akaendelea na kazi yake.

Swali lenyewe lilitoka kazini. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa stesheni kwenye reli inayotoka Kolwezi kwenda Mutshatsha na kuendelea magharibi. Hata baada ya kustaafu na kuhamia katika moja ya nyumba za zamani za kampuni ya madini, mtaa mzima ulimwita Chef de Gare, au Chef tu, na sijapata kumsikia mtu akimwita vinginevyo. Reli hiyo ni ya njia moja: treni ya kwenda na treni ya kurudi hupita juu ya vyuma vile vile, na hupishana stesheni tu. Kwa hiyo mkuu wa stesheni haruhusiwi kuandika katika rejista yake kwamba treni imefika mpaka aione wagoni ya mwisho kwa macho yake, ile yenye kibao chekundu nyuma, ambayo watu wa reli huiita mukia. Injini inaweza kupita kwa kelele na moshi wake, kumbe nusu ya wagoni zimekatika zamani na kubaki porini. Anayeandika "imefika" kwa sababu ameona injini anaifungulia treni nyingine njia ambayo haiko wazi.

Desturi hiyo ilimwingia mwilini. Msiba ulipopita mbele ya nyumba yake alivua kofia, akasimama, na hakuivaa tena mpaka apite mtu wa mwisho kabisa, hata kama mtu huyo ni mlevi anayefuata msafara kwa ajili ya chakula. Magari makubwa ya madini yalipofuatana barabarani, watu waliziba pua na kuingia ndani kukwepa vumbi. Yeye alibaki kizingitini, macho yamefinywa, akiyasindikiza hadi la mwisho. Gazeti alilianza ukurasa wa nyuma. Barua aliisoma kuanzia sahihi.

Nisieleweke kwamba ninamchora mtakatifu. Alikuwa mwenye majivuno, hasa juu ya viatu vyake, ambavyo alivipaka rangi kila asubuhi ili akae navyo barazani bila kwenda popote. Katika mchezo wa dame hakujua kushindwa kwa heshima: alikagua ubao baada ya kushindwa, akauliza kila kete ilipitia wapi, mpaka mshindi akajuta kushinda. Alitangaza kwamba hanywi pombe, lakini munkoyo wa mke wake, kinywaji cha mahindi, aliukubali ukiwa umechacha siku tatu, na kama una maoni juu ya jambo hilo alikushauri ubaki nayo. Mimi, niliyefundisha somo la maadili shule ya sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, nilimkuta na kasoro za kutosha kujaza muhula mzima.

Vijana wa taxi-moto, wale wa pikipiki za kukodi, walimpenda kwa sababu alijibu. Kituo chao kilikuwa mkabala na nyumba yake, na kila alipotoka na viatu vyake vinavyong'aa mmoja wao alipaza sauti:

"Chef! Reli inaisha kuoza. Unangojaka nini?"

"Nangojaka weye uanguke na ile moto yako, nikuandike mu rejista."

"Utaandika nini, Chef?"

"Nitaandika: bagage bila mwenyewe."

Wakacheka wote kusikia mwenzao ameitwa mzigo, na aliyetaniwa akacheka kuliko wenzake.

Pia alikuwa na ukali ambao haukubagua, na hilo nilichelewa kulielewa. Aliwahi kuishikilia treni ya abiria zaidi ya saa moja kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa anajifungua ndani ya ofisi yake. Kisha yeye mwenyewe akaandika ripoti ya kujishtaki kwa ucheleweshaji, akaipeleka kwa wakubwa, akapewa adhabu na kuipokea. Nilimwuliza kama alijuta. "Hapana. Lakini treni ilichelewa," alisema. Kwake yale mambo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na hakuona kwa nini moja limeze jingine.

Kosa lake kubwa alinisimulia mara moja tu, na hakurudia. Zamani, katika kituo kidogo magharibi ya Mutshatsha, asubuhi ya ukungu mzito, treni ya makala, makaa ya kupikia, ilipita. Aliiona injini, akasikia magurudumu, akahesabu kwa masikio, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali akarudi ndani na kuandika "imefika". Wagoni mbili za mwisho zilikuwa zimekatika mlimani. Watengenezaji wa reli waliambiwa njia iko wazi, wakatoka na kitoroli chao, na wagoni zikateremka zenyewe zikawakuta. Mmoja alipoteza mguu. "Niliandika na mukono wangu," alisema. "Hakuna mutu alinisukuma." Tangu siku ile hakumwamini tena mtu anayemaliza jambo kwa masikio.

Sasa nifikie habari ya kura, kwa maana ni hiyo iliyonifanya niandike.

Kabla ya uchaguzi wa wabunge wa jimbo, chama chetu kiliamua, kwa mara ya kwanza, kwamba mgombea wake asiteuliwe na wakubwa bali achaguliwe na wanachama wenyewe. Jumapili ya kwanza wangepiga kura wa Dilala, ya pili wa Manika, ya tatu wa Mutshatsha. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, na kila mtu aliniita Sekretere. Walijitokeza wagombea wawili: Chef, na mwenye depo moja ya kununua madini, ambaye sote tulimwita Patron. Patron hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magari, alikuwa na fulana zenye picha yake, na alikuwa na uhakika. Kamati nayo ilikuwa na uhakika huo huo.

Jumapili mbili zilipopita, uhakika ulipasuka. Patron alikuwa mbele, lakini kwa kura chache kiasi kwamba wapigaji wa kura hizo wangeenea katika gari moja dogo na bado mlango ungefungika. Ilibaki Mutshatsha, mji wa reli, ambako nusu ya wanachama walikuwa wamewahi kusimama mbele ya dirisha la Chef wakiomba tiketi.

Mwenyekiti wetu aliniita. Alisema kwamba kura ya tatu italeta mpasuko, kwamba wapinzani wanacheka, kwamba mzee ameshaonyesha nguvu yake na sasa aonyeshe busara. Ajitoe, chama kimshukuru hadharani. Akaniagiza niandike barua ya kujitoa, tamu na fupi, nimpelekee atie sahihi.

Niliiandika. Na kwa kuwa sikuwa na shaka kwamba mtu mzima mwenye akili atakubali hoja nzuri, nilifanya jambo ambalo nimelibeba hadi leo: chini ya barua, mahali pa shahidi, nilitia sahihi yangu kabla ya kutoka ofisini, ili kuokoa muda.

Nilimkuta barazani na mke wake, ambaye alinimiminia kikombe cha munkoyo kabla sijaketi.

"Chef," nilianza, "chama kinaomba umoja."

"Umoja ya nani?"

"Ya siye bote. Unajua kura ni karibu-karibu. Weye njo unajua kupita siye: treni mbili haziwezi kuingia mu njia moja. Moja inawekwa pembeni."

"Nani anaiweka pembeni?"

"Chef de gare."

"Juu ya nini? Juu ile ingine inapiga honi na nguvu?"

Mke wake akacheka ndani ya kanga yake. "Tata, humu mu nyumba unajitoaka kila siku. Huko inje unakataa nini?"

"Humu mi najua nilishindwa," alijibu bila kumtazama. "Mukia niliiona tangu siku ya ndoa."

Nilicheka nikidhani mambo yamelainika, nikampa barua. Aliishika kama alivyoshika barua zote, akaanza chini. Kidole chake kikasimama kwenye sahihi.

"Hapa nani alisinye?"

"Ni mi. Shahidi."

"Ulishuhudia nini?"

Nilifungua kinywa, na maneno yote niliyowahi kuwafundisha vijana juu ya ukweli yakasimama nyuma ya meno yangu.

"Sekretere," alisema taratibu, "uliandika treni inafika. Na treni iko ingali porini." Akaikunja barua mara mbili, akaingia ndani, akaiweka katika rejista kuukuu aliyotoka nayo kazini. "Hii inabakia hapa. Mwambie mwenyekiti mi sikusinye. Kama batu ba Mutshatsha banakataa mi, bakatae mi beye benyewe, na kinywa yabo."

Nimesoma vitabu vingi juu ya wajibu na siasa, na sitaki kumdharau anayejitoa. Yuko mtu aliyehesabiwa akaonekana ameshindwa, akampisha mwenzake. Hiyo ni adabu, na nchi hii ingekuwa nyingine kama tungekuwa nayo zaidi. Yuko pia anayejitoa kwa sababu amegundua kwamba hafai. Huyo nampa heshima mara mbili. Lakini kumwomba mtu ajitoe wakati kura hazijapigwa ni kuwaondoa wale ambao zamu yao haijafika, na kuwaondoa bila hata kuwaambia. Tena nimeona kwamba neno umoja, likitumiwa hivyo, halimtembelei kamwe mwenye magari. Humtembelea mwenye viatu vilivyopakwa rangi. Mimi ndiye niliyelibeba neno hilo hadi barazani kwake, kwa hiyo nina haki ya kulisema vibaya.

Nilirudi kwa mwenyekiti nikamwambia mzee amekataa.

"Si uliisha kusinye shahidi?" aliniuliza.

"Nilisinye mbele ya wakati."

"Basi inaenea, inatosha. Batu ba Mutshatsha tunaisha kuwambia anajitoa. Kisanduku ya kura kibakie mu ofisi."

Hapo nikaona wagoni zikiteremka mlimani. Kitoroli kilikuwa kimekwisha kutoka, na mimi ndiye niliyefungua njia.

Ufunguo wa ofisi ulikuwa mfukoni mwangu. Hayo ndiyo mamlaka yote niliyokuwa nayo. Jumamosi asubuhi nilikitoa kisanduku, nikachukua karatasi za kura na orodha ya wanachama, nikaenda mahali magari ya kuchukua makala yanapoondokea. Chef alikuwa amekwisha kufika na viatu vyake. Hakuuliza kwa nini nimekuja. Alitazama kisanduku, akatazama mikono yangu, akasogea kunipisha nafasi. Safari nzima alikaa juu ya magunia matupu akiwa amegeukia nyuma, akilitazama vumbi letu wenyewe.

Mutshatsha hakuna aliyetoka kutupokea. Watu walikuwa wameambiwa. Jumapili baada ya misa tuliomba darasa moja la shule, nikaweka kisanduku juu ya meza ya mwalimu, nikasimama mlangoni kutangaza kwamba kura ipo na kwamba habari waliyopewa haikuwa kweli. Sikusema nani aliyeitia sahihi barua ya kujitoa. Chef alinikodolea macho mpaka nikasema.

Mwanamke mmoja muuza makala, mrefu, vidole vyeusi hadi kwenye viungo, alikuwa wa kwanza kuingia. Hakuipokea karatasi mara moja.

"Mi nilijua," alisema kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani. "Benyewe ba Kolwezi, siku yote munamalizaka bintu mbele siye tufike. Tunafikaka, tunakuta munaisha kufagia."

"Leo hatujamaliza, mama," nilisema.

"Njo naona. Na leo unapiga jasho, tata." Akaichukua karatasi, kisha akamgeukia Chef. "Na weye, usifikiri nitakupa juu ulikuwaka chef. Mwaka ile ulinishusha mu treni na magunia yangu yote!"

"Haukuwa na tiketi."

"Sikuwa nayo!" alisema kwa furaha kubwa, akaingia nyuma ya ubao kupiga kura yake, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mchana alifika Patron mwenyewe, mbio, kwa gari lake. Alikuwa hajawahi kuomba chochote Mutshatsha. Walimzunguka wakamwuliza juu ya daraja, juu ya barabara, juu ya zahanati isiyo na dawa, na ikabidi ajibu akiwa amesimama juani kama mtu yeyote. Nilimwona akiandika majibu yake mwenyewe kwenye kiganja.

Tulihesabu kura mbele ya wote. Chef alishinda Mutshatsha, na alishinda vizuri, lakini si vizuri vya kutosha. Tulipojumlisha Jumapili tatu, Patron alibaki mbele kwa kura ambazo vidole vya mkono mmoja vingezionyesha na kidole kimoja kingepumzika. Watu wakaanza kunong'ona. Chef aliinua mkono.

"Karatasi ya mwisho iko wapi?"

Nilimpa. Aliisoma mbele na nyuma, akaingiza mkono ndani ya kisanduku akapapasa pembe zote nne, akakigeuza juu chini. Kisha akavuka darasa akampa Patron mkono.

"Sasa nimeona mukia. Njia ni wazi. Enda."

Patron, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, alibaki ameshika mkono ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kamati ilinikaripia, na mwenyekiti hakusema nami kwa miezi. Wengi wa Dilala walisema mzee alijiaibisha: angejitoa, angeshukuriwa hadharani; amekataa, ameshindwa bure. Nilisikia hayo hata kutoka kwa walimu wenzangu. Siku moja nilimfikishia maneno hayo ili nione atafanyaje, na alikuwa anapaka viatu rangi.

"Nilishindwa," alisema. "Si bule. Banasema bule juu habakukuwa kule." Na akatema mate kwenye kiatu, akaendelea.

Mara ya mwisho kukutana naye katika habari hii ni mwaka huu, msimu mwingine wa wagombea ulipofika. Ugonjwa ulikuwa umemshika upande mmoja. Mguu wa kushoto aliuburuta na mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kamati ilikuwa imeamua kwamba safari hii Patron apite bila kupingwa. Kura haikufutwa, la hasha. Ilisemwa tu kwamba asipojitokeza mtu mwingine, hakutakuwa na haja ya kuwasumbua watu. Nami nilikuwa nimeelekezwa, kwa maneno laini, kwamba anayekuja kujiandikisha nimshauri.

Ilikuwa alasiri ya siku ya mwisho ya kujiandikisha. Nilisikia moto ikisimama nje, kisha sauti ya kijana wa taxi-moto: "Polepole, Chef, bagage iko na mwenyewe!" Kisha fimbo, kisha mguu mmoja, kisha mburuzo. Aliingia. Viatu vyote viwili viling'aa. Baadaye niliambiwa kwamba mke wake ndiye anayevipaka sasa.

Nilisimama kumpa kiti. Nilikumbuka nilichoelekezwa, nikajaribu, Mungu anisamehe, walau nusu yake.

"Muzee, na huu muguu? Batasema ujitoe. Bataanza leo-leo."

"Baseme. Kura habaipigiake muguu."

"Unaweza kushindwa tena."

"Naweza." Alivuta pumzi. "Na Mutshatsha je? Batapiga, ao hapana?"

Kila mmoja wetu alijua jibu. Ikiwa jina liko moja, kisanduku hakiendi Mutshatsha. Yakiwa mawili, kinakwenda.

Nilifungua daftari la wagombea. Kabla hajachukua kalamu, aliingiza mkono wa kulia ndani ya koti akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, imekuwa ya manjano kwenye mikunjo. Niliitambua kabla ya kuifungua. Barua tamu na fupi. Mahali pa mgombea peupe. Mahali pa shahidi, jina langu.

"Mi sikusinye," alisema. "Weye njo ulisinye. Kwa hiyo ni yako. Sitaki baikute kwangu, siku moja, bafikiri ni mi nilikuwaka muongo."

Niliipokea. Niliiweka mfukoni upande wa kifua, na bado iko nami.

Kisha akaanza kuandika jina lake. Mkono wa kulia nao ulikuwa umedhoofika. Kila herufi aliizunguka kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Saa ya kufunga ofisi ilipita. Mwenyekiti alichungulia mlangoni, akaona kinachoandikwa, akaniita kwa kidole. Sikwenda. Mstari wa chini ulikuwa wangu, mahali pa katibu, na kalamu ya pili ilikuwa mkononi mwangu. Chef alisimama katikati ya jina, akapumzika, akanitazama ili aone kama nimeanza.

Sikuwa nimeanza. Nilimngoja hadi herufi ya mwisho, nikamwacha ainue kalamu, ndipo nikatia sahihi.